Hedhi Iliyosita si Hedhi Iliyokoma: Mwanamke Mwenye Figo Zilizoshindwa na Haki ya Kuelezwa

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mgonjwa anayeona haya kumweleza mganga maradhi yake. Ni nadra kuulizwa iwapo mganga naye, pamoja na lugha anayoitumia, wanaweza kuwa wafichaji. Swali hilo lina uzito wa pekee kwa mwanamke ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi na ambaye, kwa sababu hiyo hiyo, amepoteza hedhi, usingizi na uimara wa mifupa yake bila kuelezwa kwamba mambo hayo yana uhusiano. Huelezwa habari za maji, chumvi, potasiamu na wingi wa damu. Habari za homoni za uzazi aghalabu hazimfikii. Msimamo unaotetewa katika makala haya ni kwamba kila mwanamke anayeanza kusafishwa damu kwa mashine anastahili kuulizwa kuhusu hedhi yake na kuelezwa kuhusu tiba ya homoni, faida zake na hatari zake, kwa lugha anayoielewa. Na kwamba wataalamu wa Kiswahili wana sehemu yao katika deni hilo.

Figo Zinaposhindwa

Figo hufahamika zaidi kwa kazi ya kuchuja damu na kutengeneza mkojo. Hata hivyo, kazi zake ni nyingi. Ndizo zinazotoa homoni inayouchochea uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu, na ndizo zinazokamilisha vitamini D ili mwili uweze kuitumia kujengea mifupa. Zinaposhindwa, taka hujaa katika damu, na mawasiliano kati ya ubongo, tezi ya pituitari na ovari huvurugika. Prolaktini, homoni ambayo kwa kawaida humwezesha mama kutoa maziwa, hupanda kwa kuwa tezi huitoa kupita kiasi na figo haziwezi tena kuiondoa. Ule mpando wa ghafla wa homoni ambao kila mwezi hulifungulia yai njia ya kutoka kwenye ovari haupatikani. Yai lisipopevuka, estrojeni hupungua na hedhi hubadilika: mara hukawia, mara huja kwa wingi kupita kawaida, na kwa wanawake wengi hatimaye haionekani kabisa.

Mabadiliko haya huwapata hata wanawake wa miaka ishirini na thelathini. Isitoshe, kwa wale ambao ovari zao zimefika mwisho wa kazi, ukomo wa hedhi huja miaka kadhaa mapema kuliko kwa wanawake ambao figo zao zina afya. Upungufu wa estrojeni huleta joto la ghafla mwilini, jasho la usiku, kukosa usingizi, ukavu ukeni na maumivu katika tendo la ndoa. Huidhoofisha pia mifupa ambayo tayari imedhoofishwa na maradhi ya figo yenyewe.

Tatizo ni kwamba kila mojawapo ya dalili hizo ina maelezo mengine yaliyo tayari katika wodi ya kusafishia damu. Jasho husemekana limetokana na kushuka kwa shinikizo la damu mgonjwa akiwa kwenye mashine. Ukosefu wa usingizi huhusishwa na sumu zilizojaa mwilini. Uchovu huhusishwa na upungufu wa damu, na kukosa hamu ya tendo la ndoa huhusishwa na huzuni. Maelezo hayo yote yanaweza kuwa ya kweli. Lakini kwa kuwa yapo karibu na yanatosheleza, estrojeni haikumbukwi, na mgonjwa anaendelea kubeba mzigo ambao huenda sehemu yake ingeweza kupunguzwa.

Kusita na Kukoma

Hapa ndipo lugha inapoingia. Msemaji wa Kiswahili hutofautisha kusita na kukoma bila kufundishwa. Msafiri aliyesita njiani anaweza kuendelea na safari yake; safari iliyokoma imefika mwisho. Licha ya utajiri huo, hedhi isiyoonekana aghalabu hupewa hukumu moja tu: imekoma. Wakati mwingine hata neno hilo halitamkwi. Tafsida huchukua nafasi yake, na mwanamke husemwa kuwa haendi tena mwezini au kwamba siku zake zimepita.

Kwa mwanamke wa kawaida aliyefikia umri unaostahili, miezi 12 bila hedhi hutosha kusema kwamba imekoma. Kwa mwanamke wa miaka 34 anayesafishwa damu, kipimo hicho hakitoshi. Ovari zake huenda bado zina mayai, ila amri kutoka kwenye ubongo haifiki ipasavyo. Daktari hulazimika kuzingatia umri wake na kupima homoni zake. Ile homoni ya pituitari inayochochea ukuaji wa mayai ikiwa imepanda sana na kubaki juu, hiyo ni dalili kwamba ovari zimechoka. Isipokuwa hivyo, yamkini hedhi imesita tu.

Tofauti hii ina matokeo makubwa. Mwanamke akipandikizwa figo nyingine nayo ikafanya kazi vyema, uwezo wake wa kushika mimba unaweza kurejea katika miezi michache ya kwanza, pengine kabla hajaona hedhi hata moja. Madaktari humshauri angoje angalau mwaka mmoja baada ya upandikizaji kabla ya kushika mimba, ili figo mpya itulie. Zaidi ya hayo, wengi wa waliopandikizwa figo hutumia mikofenoleti, dawa inayouzuia mwili kuikataa figo hiyo, na ambayo inajulikana kuharibu mimba na kumlemaza mtoto tumboni. Dawa hiyo hutakiwa kubadilishwa, kwa usimamizi wa daktari, angalau majuma 6 kabla ya kutafuta mimba. Mwanamke aliyeambiwa miaka mitatu iliyopita kwamba hedhi yake imekoma hana sababu ya kutafuta njia ya kupanga uzazi. Kitenzi kimoja kilichotumiwa ovyo kinaweza kumgharimu mtoto, na pengine figo aliyopewa na ndugu yake.

Yapo madhara mengine yasiyoonekana kwa vipimo. Katika jamii nyingi za Kenya uzazi ni sehemu ya hadhi ya mwanamke katika ndoa na katika ukoo. Kumwambia msichana ambaye hajapata mtoto kwamba hedhi yake imekoma ni kumtangazia hukumu. Kama hukumu yenyewe si ya kweli, kosa hilo haliwezi kufutwa kwa kusema kwamba daktari alikuwa na haraka.

Tiba Yenyewe

Tiba ya homoni ni kumpa mwanamke estrojeni ambayo mwili wake haitengenezi tena kwa kiasi cha kutosha. Mwanamke ambaye bado ana mji wa mimba hupewa pia projesteroni au dawa ya jamii yake, kwa kuwa estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa mji wa mimba na inaweza kuleta saratani. Hayo ni kwa wanawake wote. Kwa mwenye figo zilizoshindwa yapo mambo ya ziada.

Kwanza ni kipimo. Mwanamke ambaye figo zake zimeshindwa akimeza kidonge cha estrojeni, kiwango katika damu yake hupanda kuliko cha mwanamke mwenye figo nzuri aliyemeza kidonge kile kile. Ndiyo maana wataalamu wengi hushauri aanze na takriban nusu ya kipimo cha kawaida. Pili ni njia ya kuitoa dawa. Kidonge hupitia kwenye ini kwanza, na huko huongeza vitu vinavyogandisha damu. Kibandiko au jeli ya kupakwa huipitisha estrojeni kwenye ngozi moja kwa moja hadi kwenye damu, na athari yake katika ugandaji wa damu ni ndogo. Jambo hili ni la msingi kwa mtu ambaye uhai wake unategemea mshipa mmoja wa mkono usizibe. Tatu ni aina ya dawa ya pili. Drospirenoni, kwa mfano, huufanya mwili uhifadhi potasiamu. Potasiamu nyingi yaweza kuusimamisha moyo wa mgonjwa wa figo, kwa hivyo dawa hiyo haimfai.

Wapo pia wasiostahili tiba hii kabisa, au wanaohitaji tahadhari kubwa mno: aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyewahi kupata kiharusi au damu kuganda kwenye mishipa, anayetokwa na damu ukeni bila sababu kujulikana, na baadhi ya wagonjwa wa lupasi, maradhi ambayo yenyewe huharibu figo za wanawake vijana. Kwa anayesumbuliwa na ukavu ukeni pekee, estrojeni ya kiasi kidogo inayowekwa pale pale hufyonzwa kidogo sana kwenye damu.

Maelezo hayo yanaonyesha kwamba swali la tiba ya homoni halijibiwi kwa ndiyo au la. Hujibiwa kwa kuuliza ni mwanamke yupi, mwenye umri gani, mwenye historia gani, dawa ipi, kwa njia ipi na kwa muda gani. Swali la aina hiyo halijibiki pasi na mazungumzo, na mazungumzo hayana budi kuwa na lugha.

Hoja za Wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba mwanamke anayepigania uhai wake mara mbili au tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, hana nafasi ya kujishughulisha na joto la ghafla na hedhi. Hoja hii huonekana ya busara, ila inamdunisha mgonjwa. Kusafishwa damu si tukio la wiki moja. Ni maisha ya miaka. Anayelala usiku wa manane akiwa amelowa jasho ndiye anayepaswa kuamka alfajiri kupanda matatu kwenda hospitalini. Mfupa wa nyonga ukivunjika, huyo huyo ndiye anayelazwa. Kuhusu mifupa, njia nyingine nazo ni finyu. Dawa za jamii ya bisfosfoneti, zinazotumiwa sana kutibu mifupa hafifu, hutolewa mwilini kupitia figo na kwa hivyo aghalabu huepukwa figo zinapokuwa zimeharibika sana. Denosumabu nayo iliwekewa onyo kali na mamlaka ya dawa ya Marekani mnamo Januari 2024, baada ya kubainika kwamba inaweza kushusha kalsiamu kwa kiwango cha hatari kwa wagonjwa wenye maradhi makubwa ya figo, hasa wanaosafishwa damu. Si kwamba estrojeni imethibitishwa kuwa jibu. Ila katika uwanja wenye njia chache, haifai njia mojawapo isahaulike kwa sababu ya haya.

Hoja ya pili ni ya hatari, na haipaswi kupuuzwa. Mnamo Julai 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uliowahusisha wanawake 16,608 wa miaka 50 hadi 79 ulisitishwa kabla ya wakati wake. Ilionekana kwamba kati ya wanawake 10,000 waliotumia estrojeni na projestini kwa mwaka mmoja, waliougua saratani ya matiti walizidi wenzao wasioitumia kwa 8, na waliopata kiharusi walizidi kwa 8 vilevile. Waliovunjika nyonga walipungua kwa 5. Habari hizo zilienea duniani kote, na wanawake wengi wakaacha dawa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba umri una uzito mkubwa: kwa wanawake wenye afya walio chini ya miaka 60, au ambao hawajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, uwiano wa faida na hatari ni bora kuliko kwa walioanza wakiwa wazee. Wastani wa umri katika utafiti ule ulikuwa takriban miaka 63, na washiriki walimeza vidonge. Haukuundwa kujibu swali la mwanamke wa miaka 34 ambaye ovari zake zimenyamazishwa na maradhi ya figo.

Kwa upande mwingine, ni kweli kwamba tafiti zilizofanywa kwa wanawake wenye figo zilizoshindwa ni chache na ndogo, na kwamba moyo na mishipa ndivyo vinavyowaua wengi wao. Hakuna ajuaye kwa yakini iwapo estrojeni itaurefusha uhai wa wagonjwa hao au itaufupisha. Lakini uchache wa ushahidi ni sababu ya kumshirikisha mgonjwa zaidi katika uamuzi. Palipo na yakini, daktari anaweza kuagiza. Pasipo na yakini, mwenye mwili ndiye wa kuulizwa ni lipi anaona zito zaidi kwake: usiku usio na usingizi au hatari ndogo isiyopimika vyema. Kunyamaza ni kumfanyia uamuzi bila kumwambia kwamba uamuzi ulikuwepo.

Deni la Lugha

Mradi wa serikali wa kukodisha vifaa vya hospitali, ulioanza mwaka 2015, ulizipeleka mashine za kusafisha damu katika hospitali za kaunti. Huduma iliyokuwa ya miji mikubwa ikawafikia watu ambao mazungumzo yao ya kila siku ni ya Kiswahili na lugha za mama. Mashine zilifika, maneno hayakufuata. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, ikiwemo afya ya uzazi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake na tiba zilizopo, na kila inapowezekana aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kwa hivyo suala hili si la hisani.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa deni hili. Mgonjwa anayejiandaa kusafishwa damu hufanyiwa upasuaji wa kuunganisha mshipa wa ateri na wa vena mkononi, na muunganiko huo madaktari huuita fistula. Lakini nchini Kenya neno fistula limeenezwa na kampeni za miaka mingi kuhusu nasuri ya uzazi, yaani tundu linalomfanya mwanamke avuje mkojo au kinyesi baada ya uzazi mgumu. Mwanamke anayeambiwa kwamba atawekewa fistula ana kila sababu ya kutishika, na aibu itamzuia kuuliza. Maneno matatu ya Kiswahili, muunganiko wa mishipa, yangemwondolea hofu hiyo.

Istilahi ya tiba yenyewe inahitaji kutazamwa upya. Jina lililozoeleka ni tiba ya kurudishia homoni. Kurudishiwa ni kupewa tena kilicho chako. Kwa mwanamke wa miaka 34, maana hiyo inakaribia ukweli, kwa kuwa umri haukuwa umemnyang'anya homoni hizo. Kwa mwanamke wa miaka 62, jina hilo linampotosha, kwani linamfanya adhani kwamba mwili wake una upungufu unaopaswa kujazwa, ilhali ukomo wa hedhi katika umri wake ni jambo la maumbile. Pengine tiba ya homoni inatosha, bila ahadi iliyofichwa ndani ya kitenzi. Vivyo hivyo, ukomohedhi ni istilahi nzuri na fupi, ila inahitaji mwenzake atakayetaja kusita kwa hedhi kunakosababishwa na maradhi. Usitahedhi ni pendekezo mojawapo. Walio mahiri zaidi katika uundaji wa istilahi wanaweza kupata lililo bora.

Baadhi watadai kwamba istilahi ni kazi ya mabaraza na taasisi. Ni kweli kwamba kazi kubwa imefanywa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Lakini istilahi iliyo kitabuni haimfikii mgonjwa mpaka muuguzi aitamke, na muuguzi hataitamka mpaka afundishwe. Muuguzi huyo husomea katika vyuo vile vile ambamo idara za Kiswahili zimo, pengine ng'ambo ya ua tu.

Hitimisho

Yanayopendekezwa hapa si makubwa. Idara za Kiswahili na vitivo vya tiba zinaweza kuandaa kwa pamoja karatasi moja ya maelezo kwa mwanamke anayeanza kusafishwa damu: hedhi yako inaweza kubadilika, ikisita, haina maana kwamba imekoma, ukipandikizwa figo inaweza kurejea, kwa hivyo uliza mapema kuhusu kupanga uzazi, joto, jasho na ukavu vina tiba, nayo ina faida na hatari, usinunue homoni wala mitishamba bila kumwuliza daktari, kwa sababu kipimo chako si cha watu wengine na baadhi ya mimea ina potasiamu nyingi. Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu katika isimujamii na tafsiri wanaweza kuchunguza jinsi wauguzi na wagonjwa wanavyozungumzia hedhi na figo, mahali tafsida inapowahifadhi na mahali inapowaponza. Wahadhiri wanaweza kuzikubali mada hizo bila kuziona kuwa ni za watu wa tiba.

Tafsida ni pambo la heshima katika Kiswahili, na hakuna anayedai itupwe. Kuna namna ya kumwuliza mwanamke kuhusu hedhi yake bila kumvunjia heshima, na wajuzi wa lugha ndio wanaopaswa kuifahamu kuliko wengine. Heshima inayomwacha bila jibu mwanamke aliyelala kwenye mashine, mkono umenyooshwa na damu yake ikizunguka nje ya mwili, ina walakini. Na aulizwe, na aelezwe, kisha aachiwe achague.